Uhai wa Mama si Deni

Papiloma za njia ya hewa ni ugonjwa nadra, na pengine kwa sababu hiyo wanafikra wa dini na maadili hawajaupa nafasi unayostahili, ingawa ndani yake yamekutana maswali mawili ambayo kila dini yenye wafuasi wengi katika nchi za Waswahili imelazimika kuyajibu kwa namna moja au nyingine. La kwanza ni nani mwenye dhima pale madhara yanapopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto bila mzazi kujua wala kutaka. La pili ni kama uhai wa mama unaweza kudaiwa ili uokolewe uhai wa mtoto aliye tumboni mwake. Kwa kawaida maswali haya hujadiliwa mbalimbali, moja katika mlango wa kadari na mitihani ya Mwenyezi Mungu, jingine katika mlango wa hukumu za mimba. Ugonjwa huu huyaleta pamoja ndani ya mwili wa mwanamke mmoja, na kwa kufanya hivyo huonyesha kwamba jibu la moja halikamiliki bila la pili.

Papiloma ni kinyama kidogo, cha jamii moja na chunjua, kinachoota juu ya utando laini wa kisanduku cha sauti, yaani sehemu ya juu ya njia ya hewa ambamo zimo nyuzi za sauti, na ambacho mara chache hushuka hadi kwenye mirija ya mapafu na mapafu yenyewe. Husababishwa na virusi vya papiloma ya binadamu, vinavyojulikana zaidi kwa kifupi chao HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambazo ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya vinyama vya sehemu za siri. Wataalamu wanaamini kwamba mtoto mchanga huambukizwa zaidi anapopita katika njia ya uzazi ya mama yake, ingawa kuzaliwa kwa upasuaji hakuzuii kabisa maambukizi hayo. Dalili hujitokeza baadaye, mara nyingi kabla mtoto hajafikisha miaka 5: sauti hukwaruza, kilio hubadilika, kisha pumzi huanza kubana. Kwa muda mrefu matibabu makuu yamekuwa kuvikata vinyama hivyo, na kwa kuwa virusi hubaki vimejificha katika utando unaoonekana mzima, vinyama huota tena, hata wapo wagonjwa waliopasuliwa mara kadhaa kila mwaka kwa miaka mingi mfululizo.

Morell Mackenzie, tabibu wa koo wa London, aliviandika vinyama hivi katika kitabu chake cha mwaka 1871 akivitofautisha na vimbe nyingine za koo la mtoto. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 baadhi ya matabibu walijaribu kuvichoma kwa mionzi, na baada ya miaka ikabainika kwamba mionzi ile ile iliyokusudiwa kuponya ilikuwa imewaletea baadhi ya wagonjwa saratani, jambo lililofanya njia hiyo iachwe. Chanzo chenyewe kilithibitishwa katika miaka ya 1980, wakati maabara ya Harald zur Hausen nchini Ujerumani, akiwa na wenzake Lutz Gissmann na Ethel-Michele de Villiers, ilipoanza kuzitenganisha aina za HPV moja baada ya nyingine. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba virusi hivi ndivyo chanzo cha saratani ya shingo ya kizazi.

Aina ya 6 na ya 11 huhesabiwa miongoni mwa virusi visivyoleta saratani kwa urahisi, na hesabu hiyo ni sahihi kwa walio wengi. Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache ambao vinyama vyao vimefika mapafuni, na hasa walioambukizwa aina ya 11, kinyama kilichoishi kwa miaka bila kuvuka mipaka yake huweza kugeuka kuwa saratani ya mapafu. Uvutaji wa tumbaku na mionzi huongeza hatari hiyo, lakini wapo waliopatwa bila kuguswa na kimoja wala kingine. Mgeuko huo ni mgumu kuutambua mapema kwa sababu kipande kinachokatwa na kupimwa chini ya hadubini chaweza kuendelea kuonekana kama papiloma ya kawaida hali sehemu ya ndani zaidi imekwisha kubadilika. Mimba nayo huongeza uzito wa jambo hili, kwani kwa baadhi ya wanawake vinyama huota kwa kasi zaidi wakati wa ujauzito, na matabibu hudhani kwamba homoni za uzazi na mabadiliko ya kinga ya mwili, yanayouwezesha mwili wa mama kumpokea mtoto ambaye nusu ya nasaba yake ni ya mtu mwingine, vina sehemu katika hilo. Hivyo mwanamke aliyevipokea virusi siku ya kuzaliwa kwake anaweza kufikwa na hatari kubwa kuliko zote siku anazojiandaa kuzaa.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki msiba wa namna hii haukubaliwi kuwa umetokea tu. Watu huuliza kama pana mkono wa mtu, na wasipoupata mkono wa mtu huutafuta mkono wa dhambi. HPV hupitishwa kwa kujamiiana, kwa hiyo tuhuma huangukia haraka juu ya mama: aliishi vipi hata akawa na virusi hivyo, na kwa nini mwanawe alipe gharama yake? Tuhuma hii ni dhalimu kwa upande wa elimu kabla hata haijapimwa kwa dini. Virusi vya papiloma vimeenea kiasi kwamba walio wengi kati ya watu wazima wenye ndoa huvipata wakati fulani wa maisha yao, na wengi huvimaliza kwa kinga ya mwili bila kujua kwamba vilikuwepo. Mwanamke mwaminifu kabisa huvipata kutoka kwa mume wake, naye mume huenda alivipata miaka kabla hawajajuana, na inashangaza kwamba mjadala wa kimaadili unaomwangalia mama kwa jicho kali haumtafuti baba hata kidogo. Isitoshe, hata pale mama anapojulikana kuwa na vinyama vya sehemu za siri, uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 1,000 wa wanawake wa namna hiyo, watoto wapatao 7 ndio waliougua njia ya hewa. Wengine 993 hawakuugua. Anayetaka kuuona ugonjwa huu kuwa adhabu hana budi kueleza ni adhabu gani inayowapita 993 na kuwashika 7 bila kipimo chochote cha matendo.

Mafundisho ya dini yenyewe hayamsaidii anayelaumu. Kitabu cha Ayubu chote kimejengwa juu ya makosa ya marafiki walioamini kwamba anayeteseka lazima awe amekosa, na katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanapouliza kama ni kipofu au wazazi wake waliotenda dhambi hata akazaliwa hivyo, Yesu anayakataa majibu yote mawili. Qurani inarudia mahali pengi kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Theolojia ya Kikatoliki huweka masharti matatu kabla tendo halijaitwa dhambi ya mauti, nayo ni uzito wa jambo lenyewe, ujuzi kamili na ridhaa ya makusudi; fikihi ya Kiislamu nayo huyapima matendo kwa nia na haimkalifishi mtu asilolijua wala asiloliweza. Mama anayemzaa mtoto hana ujuzi wa virusi vilivyojificha, na hata angekuwa nao hana ridhaa ya madhara. Dhima yake ni sifuri, na mhubiri anayesema kinyume cha hayo anasema bila msingi katika dini yake mwenyewe.

Linabaki swali gumu zaidi, ambalo kumwondolea mama lawama hakulimalizi: ikiwa si mama, je, ni Mungu? Misibani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na hapana sababu ya kuudharau usemi huo, kwa kuwa waombolezaji huutamka kama kujisalimisha baada ya juhudi zote kwisha. Hata hivyo wanatheolojia hawakuridhika nao kama hoja. Wamu'tazila, madhehebu ya Kiislamu yaliyostawi Basra na Baghdad katika karne za mwanzo za Uislamu, walishikilia kwamba Mungu ni mwadilifu kiasi kwamba mateso ya mtoto asiye na hatia lazima yalipwe kwa fidia huko akhera. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla hajajitenga nao, alijibu kwamba Mungu hawi na deni kwa kiumbe chochote, na kwamba akili ya binadamu haina mizani ya kumpimia Muumba wake. Msimamo wake ndio uliopokelewa na wanazuoni wengi wa Kishafii, na kwa njia yao ukafika katika mwambao wa Afrika Mashariki. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifuata njia nyingine kwa kusema kwamba uovu hauna dhati yake, bali ni upungufu wa wema katika kitu kilicho chema.

Maelezo ya Augustino yanashikana na ugonjwa huu kwa namna ya pekee. Seli ya saratani haiundwi na kitu kigeni kwa uhai, kwani uwezo wa kugawanyika na kuota ndio ule ule uliomjenga mtoto tumboni, na kilichopotea ni mpaka tu, yaani utii wa sehemu kwa mwili mzima. Kinga inayolegea ili mtoto apokelewe ni kinga ile ile inayoviachia vinyama nafasi ya kukua. Hata hivyo, kueleza jinsi uovu unavyowezekana si sawa na kumpa mwanamke anayebanwa pumzi sababu ya kuwa yeye ndiye aliyepatwa, na mwanafikra anayeikabidhi hoja ya kwanza kana kwamba ni jibu la pili anamwongezea mgonjwa mzigo. Si Wamu'tazila, si Waash'ari, wala si Augustino aliyelijibu swali la kwa nini yeye, na uaminifu wa kidini unadai kwamba jambo hilo likiriwe wazi.

Jibu lenye manufaa zaidi lilitolewa na kiongozi, na lilihusu kutenda. Mwaka 18 wa Hijra, sawa na takriban mwaka 639, Khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa safarini kuelekea Sham aliambiwa kwamba tauni, iliyojulikana baadaye kwa jina la Amwas, imezuka huko, naye akaamua kurudi na watu wake. Sahaba mwenzake Abu Ubaida bin al-Jarrah alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwa maana kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Jibu hilo linaubadilisha mjadala wote: ugonjwa ukiwa kadari, basi tiba, kinga, kisu cha mpasuaji na ujuzi wa kujitenga na maradhi ni kadari vilevile, na hakuna anayempinga Mungu kwa kuchagua mojawapo ya njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka wazi mbele yake. Kwa mantiki hiyo, kumwacha mgonjwa bila tiba inayopatikana hakuwezi kuitwa kuridhika na majaliwa. Ni uchaguzi, na kila uchaguzi una mwenye dhima.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia, nalo mara nyingi huulizwa vibaya tangu mwanzo. Huulizwa: aokolewe mama au mtoto? Katika ugonjwa wa njia ya hewa, kwa sehemu kubwa ya ujauzito, umbo hilo la swali halilingani na mwili ulivyo, kwa kuwa kijusi hakipumui kwa mapafu yake mwenyewe bali hupata oksijeni yote kutoka katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Njia ya hewa ya mama ikiziba, wawili hufa pamoja, na anayeifungua njia hiyo amewatibu wote wawili kwa tendo moja. Kukata vinyama kwa uangalizi wa wataalamu wa usingizi wa upasuaji, kazi ngumu katika koo jembamba la mwanamke mwenye mimba, hakumpingi mtoto kwa lolote. Ugumu huanza saratani inapogunduliwa, kwa sababu tiba ya kemikali, yaani dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, ni ya hatari katika miezi mitatu ya kwanza ambapo viungo vya mtoto vinaundwa, na zipo dawa nyingine, kwa mfano bevacizumab inayozuia kuota kwa mishipa ya damu na ambayo imewasaidia wagonjwa wengi wa papiloma, ambazo huepukwa katika mimba kwa sababu mtoto naye anahitaji mishipa mipya ili akue. Baada ya miezi hiyo ya mwanzo, dawa kadhaa za tiba ya kemikali zimekuwa zikitolewa kwa wajawazito. Mwaka 2015 Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakati wa ujauzito, wengi wao wakiwa wamepata tiba hiyo tumboni. Walipolinganishwa na watoto wengine wa umri wao, ukuaji wao wa akili na wa moyo haukutofautiana, na lililoonekana kuwaathiri zaidi ni kuzaliwa kabla ya wakati.

Matokeo hayo yana uzito katika fikra za maadili kama yalivyo na uzito wodini, maana hukumu ya dini hufuata hali halisi, na anayetoa hukumu bila kuijua hali hiyo huhukumu jambo ambalo halipo. Wapo waliofikiri kwamba wanalinda mimba kwa kuchelewesha tiba ya mama kwa miezi, hali wangeweza kuanza tiba na mimba ikaendelea. Na wapo walioitoa mimba wakidhani hapana njia nyingine. Makosa yote mawili hutokana na kutanguliza hukumu mbele ya uchunguzi.

Bado zipo hali chache ambapo njia mbili hazikutani: saratani imegunduliwa mapema mno katika mimba, inaenea, na kusubiri ni kumpoteza mama. Juu ya hali hizo dini tatu za nasaba ya Ibrahimu zina urithi wa fikra ulio mpana kuliko wanavyodhani wafuasi wao wengi. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200, inatanguliza uhai wa mama anayehangaika na uzazi maadamu mtoto hajatoka, kwa hoja kwamba uhai wake unautangulia uhai wa mtoto. Katika Uislamu, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja makusudio matano ya sheria, nayo ni kulinda dini, nafsi, akili, nasaba na mali, akiweka nafsi karibu na kilele. Kanuni za fikihi husema kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa na kwamba madhara madogo hubebwa ili kuzuia makubwa. Wanazuoni wengi, wakiitegemea hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud, huhesabu kwamba roho hupuliziwa mtoto baada ya siku 120, na Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lililokutana Makka mwaka 1990 liliamua kwamba baada ya siku hizo mimba haitolewi ila pale madaktari wa kuaminika wanapothibitisha kwamba kubaki kwake ni hatari kwa uhai wa mama. Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, aliieleza sababu kwa uwazi: mama ndiye asili, uhai wake umekwisha thibiti, ana haki na wajibu, na ni nguzo ya familia, kwa hiyo asili haiachwi ife kwa ajili ya tawi lake. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, ingawa inazungumzia unyonyeshaji, imekataza mama kutiwa madhara kwa sababu ya mtoto wake.

Kanisa Katoliki lina msimamo mkali zaidi juu ya utoaji mimba, lakini hata huko tiba ya mama haikuachwa. Tomaso wa Akwino, alipojadili mtu anayejitetea na kumuua anayemshambulia, alisema kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lililo nje ya kusudio. Kutoka hapo waandishi wa baadaye walijenga kanuni ya matokeo mawili: tendo lenyewe liwe halali, baya lisikusudiwe, baya lisiwe ndiyo njia ya kulipata jema, na pawe na sababu yenye uzito unaolingana. Papa Pius XII katika hotuba yake ya Novemba 1951 aliitumia kanuni hiyo waziwazi kwa kusema kwamba upasuaji au tiba ya haraka anayohitaji mama kwa sababu isiyotokana na mimba yenyewe ni halali, hata kama kifo cha mtoto, kisichotakwa wala kukusudiwa, kitafuata bila kuepukika. Saratani ya mapafu inaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, aliihoji kanuni hii katika makala yake ya mwaka 1967 akionyesha kwamba mstari kati ya kukusudia na kutabiri huwa mwembamba, na hoja yake haijapata jibu lililowaridhisha wote. Lakini kwa mwanamke anayehitaji dawa ya saratani, wafuasi wa kanuni na wapinzani wake wanafikia uamuzi mmoja, kwamba apewe.

Katika mijadala ya namna hii hutajwa sana mfano wa Gianna Beretta Molla, daktari wa watoto wa Italia, ambaye mwaka 1961 akiwa na mimba ya mtoto wa nne aligunduliwa kuwa na uvimbe wa mji wa mimba, nao haukuwa wa saratani. Alikataa kutoa mimba, na hakuchagua kuondolewa mji wa mimba, tiba ambayo wanamaadili wengi Wakatoliki wangeihesabu halali kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu. Alichagua uvimbe peke yake ukatwe. Binti yake alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, na mama akafariki siku saba baadaye kwa maambukizi ya tumbo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2004. Heshima aliyopewa ni ya haki, lakini mfano wake umetumiwa vibaya na wanaomwonyesha kama kipimo cha kila mama. Thamani ya tendo lake ilitokana na mambo mawili yasiyotenganishwa: alijua, kwa kuwa alikuwa daktari, na alichagua, kwa kuwa hapana aliyemlazimisha. Kujitolea ni kipawa, na kipawa kikishadaiwa kimekuwa kodi. Mume, mkwe, kasisi au sheikh anayemwambia mgonjwa avumilie kwa ajili ya mtoto hamhimizi kuwa mtakatifu, bali anatumia uhai usio wake.

Jambo hilo hilo linahusu mafundisho ya Kiislamu kwamba mwanamke anayefariki na mimba yake ana daraja ya shahidi. Mafundisho haya ni faraja kubwa kwa waliofiwa, na wengi wamepata utulivu ndani yake. Lakini daraja hiyo ni rehema ya Mungu juu ya msiba uliokwisha kutokea. Haikuwa kamwe ruhusa kwa jamaa kuketi na kuusubiri, kama vile daraja ya shahidi aliyopewa anayezama majini haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumtazama jirani yake akizama. Mama si chombo cha kumsafirishia mtoto hadi duniani ambacho kazi yake ikiisha kinaweza kuvunjika. Ni mja mwenye roho, anayeitwa kwa jina lake katika sala, na atakayesimama peke yake mbele ya Mola wake siku ya hesabu. Uhai aliopewa ni amana kwake yeye kwanza.

Baada ya hayo, swali la dhima linarudi likiwa na sura mpya. Judith Shklar, mwanafalsafa wa siasa, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya sura za udhalimu, alionyesha jinsi mpaka kati ya bahati mbaya na udhalimu unavyohama kadiri uwezo wa binadamu wa kuzuia madhara unavyokua. Kabla ya mwaka 2006, chanjo ya HPV ilipokuwa haijaidhinishwa popote, mtoto aliyepata papiloma za njia ya hewa alipatwa na msiba. Baada ya hapo hali si ile tena. Chanjo ya aina nne, ambayo inakinga dhidi ya aina ya 6, 11, 16 na 18, ilianza kutolewa kwa wasichana wote wa Australia mwaka 2007, na wavulana wakaongezwa mwaka 2013, hatua iliyotambua kwamba mzigo si wa mwanamke peke yake. Matokeo yalionekana kooni mwa watoto wasiokuwa wamezaliwa wakati mpango unaanza: visa vipya vya papiloma za njia ya hewa nchini humo vilishuka kutoka 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012 hadi 0.02 mwaka 2016, na hakuna hata mmoja kati ya mama wa watoto waliougua katika miaka hiyo aliyekuwa amechanjwa kabla ya mimba. Ugonjwa wa aina ambayo wanatheolojia waliiona kuwa fumbo umeanza kutoweka mbele ya sindano.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Rwanda ilianza mpango wa taifa zima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Lengo lililotangazwa lilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoua wanawake wengi katika nchi hizi, na ni lengo linalojitosheleza. Lakini watunga sera wanapaswa kukumbuka kwamba zipo chanjo za bei nafuu zinazolenga aina ya 16 na 18 tu, na kwamba atakayezichagua hizo, hata kama ana sababu nzuri za bajeti, atakuwa ameiacha nje kinga ya koo la mtoto. Uamuzi wa namna hiyo unastahili kufanywa kwa uwazi na kuelezwa kwa wazazi. Aidha, upinzani uliosikika katika baadhi ya mimbari, kwamba chanjo inaharibu uzazi au inawafundisha wasichana uasherati, hauna ushahidi, na kwa kipimo cha jibu la Umar ni kuikataa kadari moja ya Mungu huku ikipewa nafasi nyingine iliyo mbaya zaidi. Kama mama hana dhima kwa sababu hakujua wala hakutaka, basi wanaojua na kuzuia hawawezi kujificha nyuma ya kinga hiyo hiyo.

Kwa hiyo masheikh, mapadre na wachungaji wanaoaminiwa na wazazi kuliko wanavyoaminiwa maofisa wa afya wanaombwa mambo mawili. Waseme hadharani, msikitini na kanisani, kwamba ugonjwa huu si adhabu ya mama na kwamba mjamzito mwenye saratani ana haki ya kutibiwa bila kuomba radhi; na wawaelekeze wazazi wawaruhusu binti zao wenye umri wa miaka 9 hadi 14 wachanjwe kabla hawajafikia umri wa kuwa mama wenyewe.